Balbu ya Wati Mia

Gerezani, fremu ya tatu ukishapita wauza mabomba,
Chausiku ana balbu isiyommulikia mtu.
Imekaa kwenye holda ya kauri, juu ya kipande cha mninga;
waya mmoja aliukata katikati, akaipachika hapo
kama kiraka.

Ukimletea amplifaya iliyokwisha kula fyuzi tatu
usimwambie, "Wee chomeka tu, tuone."
Atakutazama mpaka usogeze stuli nyuma.
"Umeme," anasema, "kwanza upite kwa huyu."

Anabonyeza swichi.
Balbu ikishtuka kidogo, kisha ikafifia
kama mtu aliyedhani ameitwa,
anaguna: kapasita zimekunywa, zimetosheka, twende kazi.
Ikiwaka yote, mpaka muuza rangi ng'ambo ageuze shingo,
basi humo ndani mna shoti,
na ule moto uliokuja kuua
umekomea kwenye kioo.

Alhamisi nilimpelekea redio ya kaka yangu Mwinchande.
Ina miaka minne haijasema. Naye ana minne.
Balbu ikawaka yote.

Chausiku hakuuliza ya nani. Akapuliza vumbi,
akatoa mende mkavu kwenye transfoma,
akawa anaongea na bisibisi zaidi kuliko na mimi:
"Huu uzi, ukiwa baridi hauna ubishi, unapitisha.
Ukishapata moto ndipo unapokaza.
Kadiri unavyochomwa, ndivyo unavyozuia."

Baba alikuwa kuli bandarini.
Jioni alirudi Mtoni na siku nzima kifuani:
makontena, msimamizi, ujira uliokatwa.
Mwinchande alikaa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Nani kamwaga maji? Nani kaacha taa inawaka?
Mimi, baba. Mimi, baba.
Sisi nyuma ya pazia tulikula ugali na dagaa,
tukakua tukidhani baba yetu ni mtu mpole.

"Za hivi madukani hazipo tena," Chausiku anasema.
"Wanauza hizi nyeupe za kubana matumizi.
Ukiziunga hapa zinakonyeza tu, hazijui kubeba."
Anazo sita, za nyumba iliyobomolewa Kurasini,
amezifunga kwa gazeti la uchaguzi uliopita,
chini ya meza, mbali na miguu ya wateja.

Saa kumi na robo akapata transista iliyokufa.
Risasi ikayeyuka, moshi mdogo, harufu ya utomvu.
Akabonyeza tena.
Balbu ikashtuka, ikafifia,
na redio ikakohoa, ikaanza kusoma bei ya vitunguu Ilala
kana kwamba haikuwahi kunyamaza.

"Elfu kumi na mbili. Sasa ukaichomeke ukutani, haina neno."

Nikalipa. Nikanyoosha mkono kuigusa balbu.
Ilikuwa imezimika kabisa,
na bado ya moto.
"Iache," akasema. "Ipoe."