Ekzosi ya Delmiro

Kibandiko hukaa miaka miwili,
kisha serikali inataka kuisikia tena.
Jumanne, saa tatu na dakika arobaini asubuhi,
kituo cha ukaguzi cha Lugo, lango namba mbili:
njoo na kadi, njoo na pesa, njoo umenyamaza.

Yangu hainyamazi.
Niliinunulia bomba fupi la titani
kwa mshahara wangu wa kwanza wa zamu ya usiku,
kupakia maziwa kiwandani.
Halina muhuri, halina namba,
na kizibo cha ndani nilikichomoa mwenyewe kwa plaizi
nikakitupa mtoni.
Debe tupu haliachi kuvuma,
nami nikalipenda debe langu.

Ile iliyozaliwa nayo niliiuza kitambo
kwa mtu wa Ourense ambaye sikumwona uso.
Kwa hiyo Jumatatu mchana niko kwa Delmiro,
nyuma ya zizi, tunafunua blanketi la jeshi.
Ameitunza kama wengine wanavyotunza sufuria ya harusi,
ya mmoja kwa jina, ya wote kwa kazi;
maana pikipiki zetu ni za tumbo moja,
muuzaji wa Sarria alizileta sita kwa lori moja.
Nzito kama mbuzi. Kutu shingoni,
na ubavuni bonyeo la siku ile
Uxío alipougonga ukuta wa makaburi.
Cha kuazima hakistiri matako, watu husema.
Hiki kimestiri ya watu wanne tangu Pasaka.

Bolti ya chini ilikataa.
Tukaipaka mafuta, tukala jibini,
tukaitukana kwa zamu, Delmiro kwa heshima, mimi bila;
saa kumi na moja ikalia mara moja, kama jino,
ikatoka.

Mvua. Foleni. Mbele yangu trekta,
nyuma yangu gari la mikate linalonuka njaa yangu.
Mkaguzi ni Hadrián Reboiras. Tuliketi dawati moja
hadi alipohamishwa kwa kupiga soga,
na mwenzake wa soga nilikuwa mimi.
Leo hanijui. Anasoma kadi,
anapapasa namba ya fremu, taa, honi, breki,
anabonyeza tairi kwa kidole gumba.
Kisha anakisimamisha kipaza sauti chake cha miguu mitatu
nusu mita kutoka mdomo wa bomba, mshazari,
kama daktari asiyetaka kupigwa chafya.
"Elfu nne na mia tano. Shikilia. Achia."
Mara tatu.
Mimi nisiyeingia kanisani
nilikuwa nimeshafika amina ya pili.

Tisini na moja.
Kadi inavumilia hadi tisini na tatu.

Akachuchumaa.
Akafuta maji kwenye lile bonyeo, kwa kiganja,
taratibu, kama mtu aliyekutana na uso gizani.
"Mwambie Delmiro," akasema bila kuinua kichwa,
"aipige rangi. Mwaka huu nimeiona
mara nyingi kuliko shemeji yangu."
Akagonga muhuri.

Barabara ya nyumbani sikuitambua.
Nilisikia mnyororo. Nilisikia mvua ikihesabu kofia yangu,
na mbwa wa kina Ermitas, ambaye hunifukuza kila siku,
akapiga miayo.
Darajani nikarudisha gia, kama kila alfajiri,
pale ambapo mama, akinisikia, huwasha jiko:
kutoka daraja hadi mlango
ni muda kamili wa kikombe kimoja cha maziwa kuchemka.
Tukapita darajani kama paka.

Nikamkuta jikoni, kando ya dirisha,
sikio kioo, kiberiti mkononi,
njiti moja imeshatolewa, haijawashwa.
Aliponiona mlangoni, ilimwanguka.

"Ni mimi, mama. Nimepita."

"Umepita wapi?" akasema.
"Tangu saa kumi na mbili nasikiliza."