Nusu Alama

Kushoto jibu A, kulia jibu B.
Majina yamefunikwa, nisijue nani ni nani,
kama watahiniwa waliopewa namba.
Kazi yangu kubofya aliyeshinda.
Shilingi kumi na mbili kwa pambano moja,
dakika nne, na saa haina huruma.

Hapa ni Mwembe Tayari, ghorofa ya tatu,
juu ya duka la magodoro.
Feni inasukuma joto toka kwa Swabra
kuja kwangu, kisha inamrudishia.
Tuko kumi na mmoja. Wengine, nasikia,
wako miji ambayo kwao sasa ni usiku,
sote tukiipanga orodha moja
ambayo hakuna aliyeiona.

Jana lilikuja swali la Kiswahili:
"Mamangu akiniambia ndoo hapa, ataka nini?"
A akajibu kwa aya nne na vichwa vilivyokolezwa wino:
mama anahitaji ndoo, chombo cha kutekea maji,
mpelekee upesi, iwe safi, yenye mpini imara.
B akasema: huenda ni "njoo", kwa lafudhi ya Mvita,
ila sina hakika. Muulize.

Nilicheka hadi Swabra akavua visikilizio.
Mama aliniita hivyo miaka yote,
toka dirishani, Kibokoni, mwiko mkononi,
na sikuwahi kumpelekea ndoo.

Nikampa B.

Ujumbe ukaja, mwekundu:
Hukumu yako inatofautiana na ya wenzako watatu.
Rejea mwongozo, ukurasa wa kumi na tisa.
Jibu bora hujitosheleza;
jibu lenye shaka lipunguziwe.
Wenzangu watatu. Labda mama zao husema "njoo".
Labda wamechoka tu, na aya nne
ni nyingi kuliko mstari mmoja
hata kwa macho yaliyofumba nusu.

Kipo kitufe cha tatu: sare.
Lakini sare inadai maneno hamsini ya kueleza kwa nini,
na malipo ni yale yale.
Kwa hiyo ikifika saa tisa alasiri
hakuna sare tena duniani.
Kila kitu kina mshindi.

Namkumbuka muuza iliki mmoja wa Marikiti,
mizani yake ya shaba imesuguliwa ikang'aa,
kidole gumba kimelala ukingoni.
Hakikandamizi.
Kimelala tu.

Ijumaa stima ilikatika mara mbili.
Nilibakisha mapambano thelathini,
na kodi ya nyumba ilikuwa kwenye hayo thelathini.
Nikabofya kwa mwanga wa simu:
kushoto, kushoto, kulia, kushoto.
Sitasema uongo. Manane sikuyasoma.
Nilichagua lililo refu.

Mwezi ukaandama, orodha ikatoka.
Twalib, mume wa binamu yangu, auza simu Barabara ya Digo.
Ameichapisha kwa rangi, ameitia plastiki,
ameibandika juu ya droo ya pesa.
Ya kwanza: themanini na saba nukta nne.
Ya pili: themanini na sita nukta tisa.
"Nusu alama," asema, akiigonga kwa ukucha,
"lakini wa kwanza ni wa kwanza."

Nukta nne!
Nani aliyepima hadi nukta nne?
Mle ndani mna giza la Ijumaa,
mna feni, mna ndoo yenye mpini imara,
vyote vimejumlishwa, vikagawanywa,
vikatoka vimepigwa pasi.

Kaunta ilikuwa na mwalimu kutoka Likoni,
ataka ya kumsaidia kusahihisha insha.
Twalib akanionyesha kwa kidevu:
"Huyu ndiye kazi yake. Muulize yeye."
Mwalimu akanigeukia, kalamu tayari,
kama mtu aliyekwisha kuamini.
"Ipi, dada? Ya kwanza au ya pili?"

Sare, nikamwambia.

Akangoja nieleze.
Nikaanza kuhesabu maneno.