Usiku wa Jalidi

Usiku wa tano leo, Mola,
na mawingu bado yamelifunika bonde
kama blanketi la mgonjwa.
Wengine hukuomba uwaepushe na baridi.
Mimi, Saturnina, mjane wa Fortunato,
nakuomba uilete.

Viazi nimevitandaza juu ya nyasi kavu,
kimoja kimoja, visilaliane,
magunia kumi na moja.
Ni vichungu, wajua, ni wewe uliyeviumba:
havilambiki mpaka vigande, vigande tena,
vikanyagwe kwa nyayo tupu
viteme maji yao machungu,
ndipo viwe chunyo, chakula cha kukaa ghalani miaka.
Hili halina njia ya mkato.
Mwaka ule Fortunato alipolazwa nilijaribu,
nikavikanyaga kabla ya wakati,
vikawa rojorojo.
Hata nguruwe walivinusa wakaondoka.

Jana Bwana Remberto alikuja na daftari.
Hakushuka kwenye pikipiki.
"Niuzie hivyo hivyo, deni tulipunguze nusu.
Mbingu zako zimechelewa, mama."
Nikasema, njoo Jumamosi.
Akasema, Jumamosi ipi?
Sikuwa na jibu. Nilitazama viatu vyake.

Mvumilivu hula mbivu, husema watu.
Vyangu haviivi, Mola.
Vyangu sharti vigande.

Nayra naye ameniandikia kutoka El Alto:
ada ya uuguzi, mwisho tarehe thelathini.
Nilipanda kilimani, ndiko mtandao unakopatikana,
nikaandika "Mungu yupo", nikafuta,
nikaandika "Ngoja", nikatuma.

Usiku wa manane nikatoka kuvigusa
kama unavyopapasa paji la mtoto mwenye homa.
Laini. Laini bado.
Nikakasirika. Nikakwambia maneno
ambayo padri asingependa kuyasikia,
na wewe ukanyamaza, kama kawaida yako,
nikaketi jiweni na shali mbili mabegani,
mbwa akaja akanilalia miguuni.

Sijui ni saa ngapi upepo ulipokoma.
Kikaingia kimya, kile chenye makali.
Nikainua kichwa: nyota moja, juu ya zizi la lama,
kisha tatu,
kisha nikashindwa kuhesabu,
na pumzi ikaanza kuniuma puani.

Sikupiga vigelegele.
Huu ni usiku mmoja tu, na vyahitaji vitatu.
Deni liko pale pale, na ile Jumamosi
bado haina tarehe.
Lakini nimevua viatu, Mola,
nikaweka mguu mmoja chini, kujaribu tu,
na nyasi ikalia chini ya kidole changu,
kr, kr,
kama mzee anayetafuna mkate mkavu,
hana haraka,
anajua utakwisha.