Chumba Namba Nne

Mawaziri wa nchi tatu wako ghorofani,
siku ya sita wanabishania ramani:
kitu kile kiliangukia maji ya nani,
na ufunguo ashike nani.

Ufunguo ninao mimi, Nkwimba Lugembe,
mtunza baridi, kiwanda cha sangara, Igogo.
Wameniapisha mara tatu,
kila serikali na kiapo chake:
nikiulizwa, namba nne mna samaki wa oda.

Kipo nyuma ya makreti,
kikubwa kama sufuria la msibani.
Hakishiki barafu.

Alhamisi umeme ulikatika tangu magharibi.
Namba tatu ilinuka, tukamwaga tani mbili.
Namba nne nilifungua alfajiri, tochi mdomoni,
nikaandika daftarini kama ninavyoandika nyuzi:
*saa kumi na moja kasoro, sangara mmoja,
aliyekwisha kupasuliwa, anapumua.*
Nikatia sahihi.

Huko juu wamefika kifungu cha tisa,
waandike "umiliki" au waandike "ulinzi".
Wameagiza chai ya tangawizi, na karanga.
Daftari hakuna aliyeliulizia.

Samaki nimemtia kwenye beseni la maji ya ziwa.
Anazunguka, tumbo wazi,
hajui ni wa nchi gani.