Mchanga wa Aprili

Pihla, ulitimiza kumi na sita Jumanne.
Alhamisi pikipiki ilikuwa uani,
nyekundu iliyopauka, injini ndogo, kioo kimoja kimepasuka,
imetoka kwa Jalmari wa karakana ya matrekta
kwa pesa za beri ulizochuma msituni
kiangazi baada ya kiangazi,
vidole buluu mpaka Septemba.
Sikuwa na neno. Pesa zako, mgongo wako.
Ila goti, mwanangu, goti tuna ubia:
nililibeba miezi tisa
kabla hujajua kulipiga.

Unaujua mkasi wangu wa kazini,
ule wenye ncha butu kama mdomo wa bata.
Haukati utepe. Unakata jinzi
toka kifundo cha mguu hadi kiunoni,
na mwenye jinzi hulia, mara nyingine,
akiililia jinzi.
Mwaka jana, pale wodi ya dharura Kajaani,
niliwakatia saba. Wa nane alinishinda:
koti la ngozi nene, zipu hadi kidevuni.
Mkasi uligoma. Kijana akajivua mwenyewe,
akaomba maji.

Kwa hiyo usiniulize kwa nini
umevaa koti la mjomba Osmo, mikono imekupita,
na glavu, na buti, na helmeti
unayodai inakubana mashavu.
Helmeti isiyobana mashavu ni sufuria.

Uwanja wa shule, Jumapili, hapana mtu.
Injini ilizimika mara nne.
Achia klachi, nikakwambia,
kama unavyorudisha mlango
wa chumba alicholala mtoto mchanga.
Mara ya tano ikaondoka, nawe juu yake,
ukapiga ukelele ambao sikuusikia tangu
ulipoota jino la kwanza na kuniuma nalo.

Ukazunguka. Ukazunguka. Ukataka barabara.

Sasa, kuhusu barabara.
Majira yote ya baridi manispaa humwaga mchanga
ili tusiteleze juu ya barafu.
Barafu huenda zake. Mchanga haujapata habari.
Unakaa konani, mkavu, mwepesi, unangoja,
na kilichotushika Januari
ndicho kinachotuachia Aprili.

Ulianguka pale kwenye kona ya kanisa
kwa mwendo wa mtu anayewahi basi.
Gurudumu la mbele liliteleza tu,
kama mtu aliyekumbuka jambo akageuka.
Nilikuwa nyuma yako ndani ya gari.
Sikukimbia. Nilitembea.
Sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko kutembea kule.

Glavu ya kushoto ilichunika; kiganja, kizima.
Ulicheka, kisha ukatetemeka,
kisha ukaangaza huku na huku
kama kuna yeyote wa darasani kwako aliyeona.

Wahenga wanasema mwenda pole hajikwai.
Umekwenda pole, umejikwaa.
Labda walitaka kusema kwamba mwenda pole
hujikwaa akabaki na mdomo wa kusimulia,
ila methali ikawa ndefu, wakaikata.

Nikusomee mengine?
Kwamba macho yakienda shimoni, pikipiki hufuata.
Kwamba kulungu havuki peke yake:
mmoja akipita, usimshukuru, msubiri wa pili.
Kwamba dereva atakutazama usoni kabisa
na asikuone.
Umeshaitikia kwa kichwa. Umeshawasha tena.

Nikakuacha uende hadi ziwani na urudi.
Nilisimama nikihesabu gia kwa sikio:
ya kwanza, ya pili, ya tatu,
halafu, ulipokaribia daraja, nikasikia
sauti ikishuka. Umepunguza.
Hakuna aliyekuwa pale kukwambia.

Usiku, ulipolala na buti mlangoni,
nilichukua ufagio wa stoo
nikaenda kwenye kona ya kanisa.
Jua lilikuwa limezama. Mchungaji alipita na mbwa wake,
akasalimia, hakuuliza.
Nilifagia mpaka lami ikaonekana nyeusi.

Zimebaki kona nyingine zote za Ufini.