Fundi wa Lifti

Lifti za Kaunas zina vioo kuta tatu.
Aliyezibuni hakunifikiria mimi
niingiaye saa mbili asubuhi na sanduku la spana
nikajikuta watatu,
na wote watatu wana uso huu.

Ndiyo maana napenda kazi ya shimoni:
juu ya paa la lifti, kamba za chuma, grisi,
na taa ya kichwani inayomulika mbele tu.
Mimi hainioni.

Miaka kumi na mmoja.
Si zile chunusi za balehe, za kuambiwa "zitaisha ukioa".
Hizi zina mizizi. Huvimba chini ya taya kama maharage,
hupasuka usiku,
na foronya dada yangu huifua bila kuuliza.
Nimepaka. Nimemeza. Nimeacha maziwa, sukari, jua.
Shangazi Birutė alinichemshia gome la mwaloni,
nikanawa wiki nzima, nikanuka kama pipa.

Sonona je? Hiyo haina usaha.
Kuna siku mguu hautoki kitandani
na si kwa ajili ya uso,
ingawa watu wangependa iwe hivyo:
sababu moja, iliyonyooka, ya kupakwa krimu.

Daktari Stonkutė alishika kalamu, hakuandika.
"Dawa ipo. Ya nguvu. Itakukausha ngozi, midomo, macho.
Ini tutalipima kila mwezi.
Ila wapo wachache ambao wakiitumia moyo huwashuka,
na wako tayari uko ghorofa ya chini."
Nilicheka. Hakujua kazi yangu.
Akampigia Žemgulys simu mbele yangu,
yule anayeniandikia vidonge vya sonona,
wakanijadili kama mafundi wawili
wanaoulizana kamba hii itabeba kilo ngapi.

Masharti: vidonge vya zamani visiachwe.
Na mtu anayeishi nami ajue kila kitu.
Rugilė alisema "mimi" kabla sijamtaja.

Basi kila Jumapili, mkate mweusi, siagi nene
(dawa haifanyi kazi tumboni pasipo mafuta),
dada yangu huuliza huku akikata kitunguu:
Umelala? Umekula? Umewaza kutokuwepo?
Na mimi nimeapa, "niko sawa" si jibu.

Jumapili ya pili nilisema: kidogo.
Jumapili ya tano nilisema: juzi, shimoni, ghorofa ya tisa.
Aliweka kisu chini.
Akampigia Žemgulys nyumbani kwake, supu ikapoa,
akakaa mlangoni mwa chumba changu hadi kukapambazuka,
akisoma kwa sauti bei za sofa kwenye gazeti.
Jumatatu dozi ikakatwa nusu.
Msimamizi akaniondoa shimoni wiki sita,
nikapanga skrubu stoo, kwa ukubwa,
wala hakuna aliyenihurumia. Nilishukuru.

Mwanzoni uso ulizidi; waliniambia utazidi,
lakini kuambiwa si kuamka nao.
Midomo ilichanika. Nikicheka, damu,
kwa hiyo mwezi wa tatu
nilijua kwa hakika siku gani nimecheka.
Nne.

Sasa ni mwezi wa tisa.
Uvimbe mpya sijauona tangu Pasaka.
Makovu yapo, yana vishimo, sitadanganya.
Sonona nayo ilinijia Jumanne iliyopita,
ikakosa uso wa kusingizia,
ikakaa tu. Nikamwambia Rugilė. Akakata kitunguu.

Leo nilitengeneza mlango uliokuwa ukisita
jengo la wastaafu, karibu na mto.
Nikaujaribu mara saba: fungua, funga.
Kwenye vioo, wale watatu walishika spana yangu.
Wa kushoto alikuwa na grisi shavuni.

Nikaipangusa,
polepole,
kwa kiganja kitupu.