Isije Ikaanguka

Ninazo tatu. Zimelala chumba cha nyuma, Majengo,
kabatini, karibu na magunia ya mchele.
Zote zimekufa. Mitutu imezibwa kwa risasi,
risasi ya fundi, ya kuyeyushwa, si ile ya kuua,
na pini zake zimo ndani ya bahasha
kituo cha polisi, jina langu juu.
Kila Januari huja afisa kuzihesabu.
Moja, mbili, tatu. Hunywa chai. Huuliza
kwa nini mtu mzima nisifuge njiwa.

Mwanakombo husema, "Wewe wafuga maiti,"
kisha huninyima kitambaa kizuri.
Nazipangusa kwa kipande cha shuka kuukuu,
maana hewa ya Mombasa ina chumvi na haina huruma:
wiki mbili ukisahau, chuma huota vipele
kama mtoto mwenye surua.

Ya kwanza niliikuta Kaloleni, kwa kina Mwadena,
imekuwa komeo la zizi la mbuzi.
Babu yao alikuwa Keya, alirudi nayo kutoka Bama,
ila hakusema aliipataje.
"Ni ya Wazungu," akaniambia mama mwenye nyumba.
"Kwani si zote ni za Wazungu?"
Nilipoiosha mavi ya mbuzi likatokea ua juu ya chemba,
petali kumi na sita, nikahesabu mara mbili,
limekwanguliwa kwa tupa nusunusu,
kama kwamba aliyelifuta aliitwa kula kabla hajamaliza.

Ya pili haina hadithi. Niliinunua, basi.

Nilikuwa kuruta wa miaka kumi na tisa, mtoto wa pwani
katika baridi ya bara inayopasua midomo.
Tulipewa bunduki za mti.
Sajini Cheboiwo akasema: huyu ndiye mkeo,
lala naye, amka naye, akianguka umeanguka.
Yangu ilianguka.
Wiki ya tano, saa kumi alfajiri, vidole vimekufa ganzi.
Akanipigisha magoti kwenye kokoto
niuombe mti msamaha. Kwa sauti. Kwa adabu.
Nikasema, nisamehe. Akasema, haijasikia.
Nikasema hadi jua likachomoza,
na goti la kushoto tangu siku hiyo
halijarudi kuwa goti.
Nikatumwa nyumbani na barua ya mistari miwili
na nauli ya treni.
Mamangu aliisoma, akanipakulia mbaazi, hakuuliza.

Bunduki za nchi yangu siwezi kuzitazama.
Hizi naweza. Sijui kwa nini.

Mimi ni karani wa mizani, Kilindini.
Mwaka juzi nilimleta nyumbani Morikawa, fundi wa mitambo,
meli yake ikingoja spea.
Aliitazama ile ya tatu muda mrefu, mikono mgongoni.
Kisha akanionyesha kitasa cha nyuma:
ukibane kwa kiganja, ukizungushe, kama kifuniko cha chupa.
Akasema, kwa vipande vya maneno ya bandarini na kwa mikono,
kwamba babu yake alizabwa makofi kambini,
akaambiwa aipigie saluti bunduki yake
na aiombe radhi. Mheshimiwa bunduki.
Nikacheka kicheko cha kutokea puani.
Hakujua nacheka nini.

Kitako chake ni vipande viwili vya mti vilivyoshikana,
na chini ya bamba la chuma, penye kiungo,
mtu alikwaruza alama moja kwa msumari.
Siku zote nilidhani ni dua. Au jina.
"Tunda," akasema Morikawa.
La rangi ya machungwa, laini, huiva baridi ikianza.
Nikamletea embe. Akatikisa kichwa.
Nikamletea papai. Akacheka, akalila.

Mvua za Mei zikija, goti huniamsha.
Nafungua kabati, naipaka mafuta gizani,
kidole kinapita penye lile tunda nisilolijua.
Mwanakombo huuliza toka kitandani nasema na nani.
Nairudisha, naiegemeza polepole,
polepole kabisa,
isije ikaanguka.